Monasteri Moja Mahali Pawili: Wearmouth, Jarrow na Swali la Urithi

Ndani ya kanisa la Mtakatifu Paulo huko Jarrow, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, juu ya tao la kuingilia upande wa altare, kuna jiwe lililojengewa ukutani lenye maandishi ya Kilatini. Maandishi hayo yanasema kwamba basilika ya Mtakatifu Paulo ilitabarukiwa tarehe 23 Aprili, katika mwaka wa 15 wa Mfalme Ecgfrith na mwaka wa 4 wa Abate (yaani mkuu wa monasteri) Ceolfrith, mwanzilishi wa kanisa hilo kwa uongozi wa Mungu. Kwa kalenda tunayoitumia leo, huo ulikuwa mwaka 685. Mtu aliyewahi kusoma habari za monasteri hii akilisoma jiwe hilo polepole, atagundua kwamba kuna jina linalokosekana. Mwanzilishi anayetajwa karibu kila mahali, Benedict Biscop, hayumo. Alikuwa bado hai, alikuwa bado abate, na alikuwa ametumia nusu ya maisha yake kuijenga nyumba hiyo, lakini jiwe halimtaji hata kwa herufi moja.

Upungufu huo si jambo dogo, kwa sababu unagusa kiini cha namna monasteri hii ilivyojieleza. Mwana mashuhuri kuliko wote wa monasteri hiyo, mmonaki na mwandishi wa historia Bede, ambaye katika kalenda ya Kanisa kwa Kiswahili huitwa Beda, aliiita monasteri moja iliyowekwa mahali pawili. Mahali pa kwanza ni Wearmouth, kwenye mlango wa mto Wear, ambapo leo ni sehemu ya mji wa Sunderland. Pa pili ni Jarrow, kando ya mto Tyne, umbali wa kilomita kama 11. Pale palikuwa na kanisa la Mtakatifu Petro, na hapa kanisa la Mtakatifu Paulo, na kwa kuwa mitume hao wawili hawatenganishwi katika kumbukumbu ya Roma, nyumba hizo nazo zilisemwa kuwa hazitenganishiki. Maelezo hayo yanapendeza, na yamerudiwa kwa karne 13. Hata hivyo, mtu hasisitizi umoja wa kitu ambacho hakuna anayeutilia shaka. Ili kuelewa kwa nini Bede aliusisitiza sana, inatubidi tuweke kando kwa muda vitabu na nyimbo ambavyo vimeipa monasteri hii sifa yake, tuulize swali ambalo wakulima na mahakimu wa kila nchi wanalifahamu: ardhi hii ni ya nani, na mwenyewe akifa nani atairithi?

Northumbria ya karne ya 7 ilikuwa ufalme wa Waanglo-Saksoni ulioenea kutoka mto Humber hadi karibu na Edinburgh ya leo. Ukristo ulikuwa mgeni pale. Mfalme wa kwanza kubatizwa, Edwin, alibatizwa mwaka 627. Mfalme alitawala kwa msaada wa vijana wa ukoo bora waliomtumikia vitani na barazani, na kijana aliyekwisha kukomaa katika utumishi huo alitarajia kupewa ardhi. Waandishi wa wakati ule hawakuipima ardhi kwa hatua wala kwa kamba, bali waliihesabu kwa kaya. Ardhi ya kaya 10 ilikuwa ardhi iwezayo kulisha kaya 10 na kutoa ushuru wa kaya 10, yaani nafaka, asali, pombe, mifugo na kazi za mikono. Kwa hiyo mfalme alipompa mtu ardhi, aghalabu hakumpa pori tupu. Alimhamishia haki ya kupokea mazao na huduma za watu waliokuwa tayari wanaishi pale, na ambao hakuna aliyewauliza.

Zawadi ya namna hiyo ilikuwa na kikomo. Mtumishi akifa au akikosana na mfalme, ardhi iliweza kurudi kwa mfalme, ambaye angempa mwingine. Kanisa lilileta utaratibu mpya: ardhi iliyotolewa kwa Mungu kwa hati iliyoandikwa ilikuwa imetolewa milele, pamoja na haki zake. Msomaji wa pwani yetu atakumbuka mara moja wakfu, na ulinganifu huo unasaidia, ilimradi tusiuvute mbali. Mali ya wakfu haiuzwi wala hairithiwi kama mali nyingine. Ardhi ya monasteri za Northumbria nayo haikurudi kwa mfalme, lakini ilikuwa kawaida sana ibaki katika ukoo: abate mwanzilishi akifariki, ndugu yake au jamaa mwingine alishika kiti chake, na hakuna aliyeona ajabu. Monasteri ilikuwa nyumba ya sala, na wakati huohuo ilikuwa njia imara kuliko zote za kuhifadhi mali ya ukoo dhidi ya mfalme.

Benedict Biscop alizaliwa katika tabaka hilohilo, yapata mwaka 628. Alimtumikia Mfalme Oswiu, na alipofikia umri wa miaka kama 25, mfalme alipomwandalia ardhi iliyolingana na cheo chake, aliikataa akaondoka kwenda Roma. Hiyo ilikuwa safari ya kwanza kati ya safari ambazo wanahistoria huzihesabu kuwa tano au sita, kutegemea mahali unapoanzia kuhesabu. Katikati ya safari hizo alikaa miaka miwili katika kisiwa cha Lérins, kusini mwa Galia (Ufaransa ya leo), ambako alinyolewa nywele na kuwa mmonaki. Mwaka 668 Papa Vitalian alimwagiza amsindikize hadi Canterbury askofu mkuu mpya, Theodore, mzaliwa wa Tarso. Aliyempendekeza Theodore alikuwa abate wa monasteri moja karibu na Naples, aitwaye Hadrian, ambaye mwenyewe alikuwa amekataa uaskofu mkuu huo. Na Bede anatuambia wazi kwamba Hadrian alikuwa Mwafrika kwa asili, maana yake mtu wa Afrika ya Kaskazini ya enzi za Warumi. Basi msingi wa elimu ya juu ya Waingereza uliwekwa na mtu wa Tarso na mtu wa Afrika, jambo ambalo halitajwi mara nyingi inavyostahili. Biscop aliongoza monasteri ya Mtakatifu Petro huko Canterbury kwa miaka miwili, kisha akamwachia Hadrian, akaenda tena Roma, akarudi na shehena ya vitabu, vingine alivyonunua mwenyewe na vingine alivyopewa na rafiki zake.

Alikusudia kuvipeleka vitabu hivyo kwa mfalme wa Wasaksoni wa Magharibi, Cenwealh, aliyekuwa rafiki yake, lakini mfalme huyo alifariki. Ndipo akageukia kwao kaskazini, na Mfalme Ecgfrith, mwana wa Oswiu, akampa ardhi ya kaya 70 kwenye mlango wa Wear. Mwaka ulikuwa 674. Upesi ulioonekana baada ya hapo unaeleza tabia ya mtu huyu kuliko sifa zote alizomwagiwa. Kabla ya mwaka kwisha alivuka bahari kwenda Galia kutafuta waashi wa kumjengea kanisa la mawe kwa mtindo wa Kirumi, maana nyumba za Waanglo-Saksoni, hata za wafalme, zilikuwa za mbao. Kuta zilipopanda alituma watu tena Galia kuleta mafundi wa vioo, kwa sababu nchini hapakuwa na aliyeijua kazi hiyo. Bede anasema mafundi hao walifanya kazi waliyoitiwa na pia waliwafundisha wenyeji. Tutakutana na jambo hilo tena.

Kutoka safari iliyofuata, ambayo alifuatana na Ceolfrith, alirudi mnamo mwaka 680 na mizigo ambayo Bede anaiorodhesha kwa fahari isiyofichika. Kulikuwa na vitabu vya kila namna na masalia ya watakatifu. Kulikuwa na picha za Bikira Maria na mitume 12, picha za masimulizi ya Injili za kuwekwa ukuta wa kusini, na za Ufunuo wa Yohane za kuwekwa ukuta wa kaskazini, ili asiyejua kusoma naye apate cha kutafakari. Alikuja pia Yohane, kiongozi wa waimbaji wa basilika ya Mtakatifu Petro huko Roma, ambaye aliwafundisha wamonaki kuimba ibada ya mwaka mzima, na watu wa monasteri nyingine wakafika kumsikiliza. Katikati ya shehena hiyo kulikuwa na karatasi moja ambayo mimi naiona kuwa ya thamani kuliko picha zote: barua ya Papa Agatho, iliyoipa monasteri uhuru dhidi ya uvamizi wa mtu wa nje, na iliyopatikana kwa idhini ya Mfalme Ecgfrith mwenyewe. Picha zimepotea na uimbaji ulisambaa, lakini kwa miaka 40 iliyofuata barua ile ndiyo iliyoamua nani ana haki ya kukalia kiti cha abate.

Hapa ndipo Jarrow inapoingia, na hapa ndipo ushahidi unapoanza kutofautiana. Mnamo mwaka 681 Ecgfrith alitoa ardhi nyingine, ya kaya 40. Bede, katika historia yake ya maabate wa monasteri hiyo, anaeleza kwamba mfalme alipendezwa na kazi ya Biscop ndiyo maana akaongeza zawadi, na Biscop akamtuma Ceolfrith pamoja na ndugu kama 17 kujenga nyumba ya pili. Tunayo pia habari ya maisha ya Ceolfrith iliyoandikwa na mmonaki mwingine wa hapohapo ambaye hakuacha jina lake. Huyu anasema ndugu walikuwa 22, wakiwamo 12 ambao hawakuwa wamenyolewa bado, na maelezo yake yanamweka Ceolfrith mbele zaidi. Tofauti ya 17 na 22 ni ndogo, lakini inaonyesha kwamba hata ndani ya kuta zilezile habari hazikusimuliwa kwa namna moja. Lile jiwe la Jarrow ndilo shahidi wa tatu, na ndilo la zamani kuliko yote, kwa kuwa lilichongwa mwaka uleule wa tukio: linamtaja mfalme, linamtaja Ceolfrith kama mwanzilishi, halafu linanyamaza.

Wanahistoria kadhaa wa siku zetu wamesoma ukimya huo na kupendekeza kwamba Jarrow ilianza kama monasteri inayojitegemea, iliyoanzishwa na Ecgfrith kwa matakwa yake na chini ya abate wake, na kwamba umoja na Wearmouth ulijengwa baadaye kidogokidogo. Naona wazo hilo lina uzito, ingawa halihitaji kutufanya tumwite Bede mwongo. Undugu wa nyumba mbili zilizotoka kwa watu walewale unaweza kuwa wa kweli tangu mwanzo bila kuwa umeandikwa katika sheria, na mtu aliyelelewa ndani yake anaweza kuukumbuka kuwa ulikuwa kamili siku zote. Mfalme mwenyewe hakupata nafasi ya kuonyesha alichokusudia. Tarehe 20 Mei 685, chini ya mwezi mmoja baada ya kutabarukiwa kwa kanisa lake, Ecgfrith aliuawa vitani na Wapikti, watu wa Scotland ya leo, huko kaskazini, na jeshi lake kubwa likaangamia pamoja naye. Wamonaki walibaki na jiwe jipya lenye jina la mfalme aliyekwisha kufa, na mfalme mpya, Aldfrith, ambaye hakuwa na deni lolote kwao.

Mwaka uliofuata ilikuja tauni. Biscop alikuwa safarini Roma kwa mara ya mwisho, na huko Wearmouth kiti chake kilishikwa na Eosterwine, ambaye alifariki tarehe 7 Machi 686 akiwa na miaka 36. Huko Jarrow, anasema mwandishi wa maisha ya Ceolfrith, walikufa wote waliojua kusoma, kuhubiri na kuimba antifona (viitikio vya zaburi), isipokuwa abate mwenyewe na mtoto mmoja mdogo aliyekuwa akifundishwa naye. Wawili hao waliamua kuimba zaburi bila antifona, lakini baada ya wiki moja ya machozi abate hakuvumilia tena, akaurudisha utaratibu wote, na mtu mzima na mtoto wakaibeba ibada ya monasteri nzima mpaka wengine walipofunzwa. Mwandishi anaongeza kwamba mtoto yule sasa ni padri wa monasteri hiyohiyo, bila kumtaja jina. Wengi huamini kuwa alikuwa Bede, aliyekuwa na miaka kama 13. Inawezekana, na mimi mwenyewe ningependa iwe hivyo, lakini maandishi hayasemi.

Turudi kwenye urithi. Eosterwine, aliyekufa kwa tauni, alikuwa binamu wa Benedict Biscop. Bede anajitahidi sana kueleza kwamba udugu huo haukumpa upendeleo wowote, kwamba alipura na kupepeta nafaka, alikamua ng'ombe, alifanya kazi katika tanuri la mikate na bustanini kama ndugu wengine, na alilala katika bweni moja nao. Ninamwamini, lakini nasikia pia sauti ya mtu anayejibu lawama. Na lawama hiyo ilikuwa na msingi: katika nchi ambayo monasteri zilirithiwa na jamaa, mtu anayemweka binamu yake kitini hawezi kuwalazimisha watazamaji waone utakatifu tu.

Biscop mwenyewe alikuwa na ndugu wa damu ambaye hakuwa mmonaki, na kwa desturi ya nchi huyo ndiye angetarajiwa kudai nafasi yake. Alipokuwa kitandani, amepooza kwa miaka mitatu, Biscop aliwaita ndugu zake wa kiroho na kuwaambia kwamba ingekuwa afadhali mahali pote alipojenga pageuke jangwa milele, Mungu akipenda, kuliko ndugu yake huyo, ambaye walijua hakuingia katika njia ya kweli, amrithi kama abate. Wahenga wetu walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Biscop aliipindua methali hiyo akasema kwamba mzaliwa naye ndiye wa kuogopwa. Aliagiza abate achaguliwe na jumuiya yenyewe, kwa kuangalia mwenendo na elimu, kulingana na kanuni ya Mtakatifu Benedikto, yule wa Italia aliyemtangulia, na barua ya Papa Agatho. Aliagiza pia kwamba maktaba yake itunzwe kamili, isiharibiwe kwa uzembe wala kutawanywa. Ninayasoma maagizo hayo mawili kama agizo moja. Mrithi wa ukoo angegawa ardhi kwa wanawe, na vitabu vingefuata njia hiyohiyo.

Kabla ya kufa, Biscop na Sigfrith, aliyemfuata Eosterwine katika kuongoza Wearmouth, walikubaliana kumweka Ceolfrith awe abate wa nyumba zote mbili. Huo ulikuwa mwaka 688. Sigfrith alifariki mwezi Agosti, na Biscop tarehe 12 Januari 689. Kama umoja wa monasteri ulikuwa na siku ya kuzaliwa inayoweza kutajwa, nadhani ni hii, miaka 7 baada ya Jarrow kuanza. Na kwa kuwa barua ya Agatho ilikuwa imeandikwa kabla Jarrow haijakuwapo, Ceolfrith aliwatuma watu Roma mnamo mwaka 701 kutafuta barua nyingine kutoka kwa Papa Sergius, akaifanya isomwe mbele ya sinodi, yaani mkutano wa Kanisa, na kuthibitishwa na Mfalme Aldfrith pamoja na maaskofu. Mtu anayehitaji kufanya yote hayo anajua kwamba nyumba yake inaweza kupasuka katikati.

Ceolfrith hakuwa mtu wa kupendwa na kila mmoja. Zamani, Wearmouth ilipokuwa changa, alikuwa ameondoka na kurudi monasteri yake ya zamani huko Ripon, kwa sababu baadhi ya watu wa ukoo bora hawakuvumilia ukali wa nidhamu yake, na ikabidi Biscop amfuate kumsihi arudi. Lakini alikuwa msimamizi wa mali hodari. Biscop alikuwa ameleta kutoka Roma majoho mawili ya hariri yasiyo na kifani, na Aldfrith aliyapokea kwa kutoa ardhi ya kaya 3 upande wa kusini wa Wear. Kisha kulikuwa na kitabu cha maelezo ya dunia, kilichotengenezwa kwa ustadi mkubwa na kununuliwa Roma. Aldfrith, aliyekuwa msomi aliyefundishwa na Wairish, alikitamani, na kwa kitabu hicho kimoja alitoa ardhi ya kaya 8. Hebu tulitazame jambo hili vizuri: kaya 8 zilizokuwa zikimlimia mfalme zilianza kuwalimia wamonaki kwa sababu ya kitabu ambacho hakuna hata mtu mmoja katika kaya hizo aliyeweza kukisoma.

Mzunguko ulikwenda pia upande wa pili, yaani ardhi ikageuka kuwa vitabu. Ceolfrith aliiongeza maktaba hadi ikawa maradufu, na kati ya kazi zake ziko Biblia tatu, kila moja ikiwa na Maandiko yote katika juzuu moja, jambo ambalo wakati huo lilikuwa nadra, kwa kuwa Biblia kwa kawaida ilinakiliwa katika vitabu mbalimbali. Moja iliwekwa Wearmouth, ya pili Jarrow, na ya tatu ilikusudiwa kuwa zawadi kwa Mtakatifu Petro huko Roma. Hiyo ya tatu bado ipo. Ina karatasi za ngozi zaidi ya 1,000, ina urefu wa karibu nusu mita, na uzito wake ni zaidi ya kilo 34. Kwa kuwa ngozi ya ndama mmoja ilitoa karatasi mbili tu za ukubwa huo, kitabu kimoja kilihitaji ndama zaidi ya 500, na vitatu vilihitaji karibu 1,500. Ndama hao hawakuchinjwa kwa mwaka mmoja, lakini kundi linaloweza kutoa idadi hiyo bila kufilisika linahitaji malisho mapana, wachungaji wengi na miaka ya amani. Bila ardhi isiyogawanyika, Biblia ile isingeandikwa.

Mwanzoni mwa Juni 716 Ceolfrith, akiwa na miaka 74, aliwatangazia watu wake kwamba anajiuzulu na kwenda kufia Roma. Aliacha nyuma wamonaki wapatao 600 na ardhi ya karibu kaya 150. Msafara wake ulikuwa na watu kama 80, lakini hakufika. Alifariki huko Langres, Galia, tarehe 25 Septemba. Baadhi ya wenzake waliendelea na safari. Biblia yenyewe ilikuja kuonekana baadaye katika monasteri ya mlima Amiata, katikati mwa Italia, na mtu fulani alikuwa amekwangua maneno ya ukurasa wa kuitolea zawadi, akaandika "Petro wa Walombardi" mahali palipokuwa na "Ceolfrith wa Waangli". Kwa karne nyingi kila aliyekisoma alidhani ni kazi ya Waitalia, maana mwandiko wake umefuata mfano wa Kirumi bila kuteleza. Ni katika miaka ya 1880 tu ndipo wataalamu walipogundua kwamba shairi lililokwanguliwa linafanana na lile lililonukuliwa katika maisha ya Ceolfrith. Leo kitabu hicho kinatunzwa Florence, katika maktaba ya Laurenziana.

Bede aliishi ndani ya utaratibu huu tangu utotoni. Alizaliwa mnamo mwaka 673 katika ardhi ambayo ilikuja kuwa ya monasteri, akakabidhiwa kwa Biscop akiwa na miaka 7, akawa shemasi akiwa na miaka 19 na padri akiwa na 30, na kwa kadiri tunavyojua hakusafiri mbali zaidi ya York na Lindisfarne. Maktaba aliyosomea, ambayo mara nyingi hukadiriwa kuwa na vitabu 200 au zaidi, ndiyo iliyomwezesha kuandika kuhusu hesabu ya tarehe ya Pasaka, kupwa na kujaa kwa bahari, na mwaka 731 kuikamilisha historia ya Kanisa la Waangli, kitabu kilichosaidia kueneza desturi ya kuhesabu miaka tangu kuzaliwa kwa Kristo. Kazi hizo zimeelezwa mahali pengi. Kwa hoja yangu, maandishi yake ya maana zaidi ni barua aliyomwandikia Askofu Ecgberht wa York mwaka 734, miezi michache kabla ya kufa.

Katika barua hiyo Bede, ambaye kwa kawaida ni mpole, anakasirika. Anasema kwamba kwa miaka kama 30, tangu kufa kwa Aldfrith, watu wa ukoo bora wamekuwa wakiwalipa wafalme fedha ili wapewe ardhi kwa jina la kuanzisha monasteri, wanaandikiwa hati za kuimiliki kwa urithi, kisha wanaishi humo na wake zao na watoto wao, bila kumtumikia Mungu wala mfalme. Matokeo yake, ardhi imekwisha. Wana wa wapiganaji wakikua hawapati pa kukaa, hivyo wanaondoka kwenda ng'ambo au wanaishi kwa uasherati, na nchi inabaki bila walinzi. Anapendekeza mabaraza yazifute hati za uongo na mali hiyo itumike kuanzisha uaskofu mpya. Ukiisoma barua hii baada ya kusoma historia ya maabate wake, unaona vitabu hivyo viwili vinazungumza jambo moja. Monasteri yake mwenyewe ilitofautishwa na zile za uongo na mambo machache tu: uchaguzi huru wa abate, barua mbili za Papa, na kukataa kwa Biscop kumpa ndugu yake urithi. Ndiyo maana umoja wa mahali pawili ulipaswa kusemwa tena na tena. Nyumba mbili zenye maabate wawili zingekuwa mali mbili, na mali mbili zingepata warithi wawili.

Baada ya kifo cha Bede mwaka 735, vitabu vyake vilitakiwa sana na wamisionari wa Kiingereza waliokuwa Ujerumani, na wanakili wa monasteri hawakuweza kukidhi mahitaji. Mwaka 764 Abate Cuthbert aliomba radhi katika barua kwa Askofu Lul wa Mainz kwamba baridi kali ya majira yaliyopita ilikuwa imeizuia mikono ya waandishi. Katika barua hiyohiyo aliomba atumiwe fundi wa kutengeneza vyombo vya kioo, kwa kuwa wao hawaijui kazi hiyo na hawana mtu. Miaka 90 ilikuwa imepita tangu Biscop alipoleta mafundi kutoka Galia, na ufundi waliowarithisha wenyeji, angalau katika monasteri ile, ulikuwa umekatika.

Waviking, wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia, walishambulia Lindisfarne mwaka 793, na mwaka uliofuata walishambulia monasteri ya Ecgfrith kwenye mlango wa mto Don, ambayo wengi wanaamini ni Jarrow. Safari hiyo kiongozi wao aliuawa na baadhi ya meli zao zilivunjwa na dhoruba. Ni rahisi kusema kwamba hapo ndipo monasteri ilipokwisha, lakini nyumba hizo ziliendelea kwa muda, na zilififia katika karne ya 9, wakati ufalme wa Northumbria wenyewe ulipoporomoka. Mifupa ya Bede ilichukuliwa na kupelekwa Durham katika karne ya 11. Katika miaka ya 1070 mmonaki Aldwin kutoka Winchcombe, aliyesoma historia ya Bede akatamani kuona mahali ilipoandikwa, alifika na wenzake wawili, akakuta kuta zisizo na paa. Walizifufua nyumba zote mbili, lakini mwaka 1083 wamonaki walihamishiwa Durham, na tangu hapo Wearmouth na Jarrow zikawa matawi madogo, hadi monasteri zilipofungwa katika enzi ya Henry VIII. Makanisa yote mawili yanatumika bado kama makanisa ya parokia. Uchimbaji ulioongozwa na Rosemary Cramp kuanzia mwaka 1959 uliibua vipande vingi vya vioo vya rangi, kazi ya mafundi wale wa Galia na wanafunzi wao.

Kuhusu zile Biblia mbili zilizobaki nyumbani, kimesalia kidogo tu. Karatasi moja ilipatikana katika duka huko Newcastle mwishoni mwa karne ya 19. Karatasi nyingine 11 ziligunduliwa katika mali ya familia ya Willoughby wa Wollaton, karibu na Nottingham. Kitabu kilikuwa kimekatwakatwa katika karne ya 16, na karatasi zake zilikuwa zimetumika kufungia nyaraka za mashamba.